Je, ni sahihi kuwapanga wanafunzi darasani kwa aina za akili zao?

ChakiNaUbao ameuliza:

Ndugu walimu na wadau wa elimu, habari za kazi.

Ninafundisha sayansi na hisabati katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Hivi karibuni tulipata mafunzo kazini kuhusu nadharia ya akili anuwai, inayosema kwamba binadamu ana akili za aina nane badala ya uwezo mmoja tu, na mwezeshaji alituachia dodoso lenye sentensi kama "ninapenda kuimba ninapofanya kazi" au "ninafurahia mafumbo ya namba". Mwanafunzi anaweka alama ya vema panapomhusu, alama zinajumlishwa, na jumla iliyo kubwa kuliko nyingine inachukuliwa kuwa ndiyo aina ya akili inayomtawala. Tulielekezwa kwamba baada ya hapo wanafunzi wakae katika meza zinazolingana na matokeo yao, na kwamba andalio la kila somo lioneshe shughuli kwa kila aina ya akili, yaani shughuli nane katika kipindi kimoja cha dakika 40.

Wazo la msingi silipingi. Ninaye mwanafunzi ambaye hawezi kuandika aya ikaeleweka, lakini ukimpa betri, nyaya na balbu ataunga saketi na kuichora bila kutazama kitabu, na ukilegeza kiungo kimoja kwa makusudi atakiona kabla ya wenzake wanaoongoza katika mitihani ya kuandika. Mtoto wa namna hiyo ananifanya niamini kwamba mitihani yetu ya kawaida inaacha mengi bila kuyaona. Ninachotilia shaka ni hatua inayofuata, ile ya kumwandikia kwenye daftari la mahudhurio kwamba yeye ni wa "akili ya maumbo", kumkalisha na wenzake wa jina hilo, na kumfundisha kila kitu kwa picha.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliosomea jambo hili, na pia kwa waliolijaribu darasani, iwapo utafiti unaunga mkono upangaji huo. Iwapo mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kweli kuandaa somo moja kwa namna nane bila kuharibu somo lenyewe. Na namna ya kutoa alama kwa haki ikiwa mmoja atajibu kwa mchoro, mwingine kwa insha na wa tatu kwa igizo.

---

Mtafiti Mkongwe amejibu:

Mwalimu, umegusa mambo mawili ambayo katika mafunzo mengi huchanganywa yakawa moja: nadharia kuhusu akili ya binadamu, na desturi za kufundishia ambazo watu wengine walizijenga baadaye kwa kutumia jina la nadharia hiyo. Naomba nianze nyuma kidogo, kwa sababu bila historia yake ni vigumu kuelewa kwa nini nadharia hii ilipokelewa kwa shangwe kubwa na walimu.

Mwaka 1905 nchini Ufaransa, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga mfululizo wa maswali uliokusudiwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada shuleni. Binet mwenyewe alikataa kabisa fikra kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichokwisha kupangwa na kisichoweza kuongezwa, na alibuni hata mazoezi ya kuimarisha umakini na kumbukumbu. Lakini mwaka 1912 William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa toleo la Marekani la kipimo hicho, na tangu hapo chombo kilichotengenezwa ili kumsaidia mtoto kikageuka kuwa namba ya kumpangia nafasi yake maishani. Kabla ya hapo, mwaka 1904, Charles Spearman alikuwa ameonesha kwamba wanaofanya vizuri katika aina moja ya majaribio huelekea kufanya vizuri katika aina nyingine pia, akahitimisha kwamba nyuma ya yote upo uwezo mmoja wa jumla.

Howard Gardner wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika kitabu chake cha mwaka 1983 akipingana na msimamo huo. Alikuwa amefanya kazi na watoto wenye vipaji vya sanaa, na pia na wagonjwa walioumia ubongo, na alichokiona kwa makundi hayo mawili hakikulingana na dhana ya uwezo mmoja. Mfano unaotajwa mara nyingi katika mjadala huu ni wa mtunzi wa muziki wa Urusi, Vissarion Shebalin, ambaye baada ya kiharusi cha mwaka 1959 alipoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusema na kuelewa maneno, na bado akaendelea kutunga muziki hadi karibu na kifo chake mwaka 1963. Gardner alitaja akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya muziki, ya mwili na mwendo, ya maumbo na nafasi, ya kuhusiana na watu, na ya kujitambua. Ile ya nane, ya kutambua viumbe na mazingira asilia, aliiongeza katika miaka ya 1990.

Sasa nije kwenye dodoso lako. Gardner hakulitaka. Kwanza, kitabu kile alikiandika akiwalenga wanasaikolojia wenzake, na alishangaa kuona walimu ndio waliokikimbilia. Pili, katika nadharia yake kila mtu mwenye afya anazo akili zote nane kwa viwango tofauti, na karibu kila kazi ya maana huzitumia kadhaa kwa pamoja. Daktari wa upasuaji, kwa mfano, anahitaji mikono, maumbo, mantiki na uwezo wa kuzungumza na mgonjwa. Kumwita mtoto "wa akili ya maumbo" kana kwamba nyingine saba hana ni kinyume cha nadharia yenyewe. Tatu, mwaka 2013 aliandika katika gazeti la Washington Post kueleza kwamba akili anuwai si sawa na mitindo ya kujifunza, na kwamba wanaovichanganya vitu hivyo wanakosea. Mtindo ni namna mtu anavyodaiwa kuikabili kazi yoyote ile. Akili, kwa maana yake, ni uwezo wa kushughulikia aina fulani ya taarifa. Mtu anaweza kuwa na uwezo mkubwa wa muziki na bado akajifunza historia kwa kusoma tu.

Ushauri wake kwa walimu, ukiupunguza kabisa, una sehemu mbili. Mfahamu kila mwanafunzi kadiri uwezavyo na umfundishe kwa kuzingatia unachokijua juu yake; na lile lililo muhimu katika somo lako lifundishe kwa njia zaidi ya moja. Aliilinganisha mada na chumba chenye milango kadhaa: wengine huingia kwa hadithi, wengine kwa namba, wengine kwa kushika vitu au kwa kujadiliana. Hakusema popote kwamba kila mtoto apewe mlango wake na mingine ifungwe.

---

Mizani amejibu:

Nashukuru kwa maelezo ya aliyetangulia, ambayo kwa sehemu kubwa nakubaliana nayo. Hata hivyo amekuwa mpole mno kwa nadharia yenyewe, nami kazi yangu ni upimaji, kwa hiyo naomba niongeze upande ambao mwezeshaji wa mafunzo yenu pengine hakuugusa.

Ikiwa akili hizo nane ni nguvu zinazojitegemea, basi majaribio yanayopima mojawapo hayapaswi kufuatana sana na majaribio yanayopima nyingine, yaani anayefanya vizuri katika moja si lazima afanye vizuri katika jingine. Mwaka 2006 Visser, Ashton na Vernon walichapisha utafiti ambamo waliwapa watu majaribio yaliyochaguliwa kuwakilisha kila aina, na matokeo yakaonesha kwamba yale yanayohusu kufikiri, yaani lugha, mantiki, maumbo, hata utambuzi wa mazingira asilia na mahusiano ya watu, yalifuatana kwa kiasi kinachoonekana wazi, kama Spearman alivyotarajia. Yaliyojitenga zaidi yalikuwa ya mwili na ya muziki. John Carroll naye, katika kazi kubwa ya mwaka 1993 iliyochambua upya zaidi ya seti 460 za data, alifikia picha ya ngazi tatu: uwezo wa jumla juu, uwezo mpana wa aina kadhaa katikati, na stadi finyu chini. Kwa maneno mengine, watu wanatofautiana kweli katika wanayoyaweza, na hilo wanasaikolojia wa upimaji hawajawahi kulikana, ila tofauti hizo hazimo katika masanduku manane yaliyofungwa kila moja peke yake.

Kuhusu kuwafundisha watoto kulingana na aina zao, ushahidi ni dhaifu zaidi. Hapa napaswa kueleza ni ushahidi gani ungehitajika, kwa sababu wengi huridhika na ule usiothibitisha chochote. Haitoshi kuonesha kwamba darasa lililofundishwa kwa picha na vitendo lilifanya vizuri, maana huenda mbinu hizo ni nzuri kwa kila mtoto. Inabidi uwachukue wanafunzi waliotajwa kuwa wa picha na waliotajwa kuwa wa maneno, uwagawe kwa bahati nasibu ili katika kila kundi nusu wafundishwe kwa picha na nusu kwa maneno, kisha wote wafanye mtihani uleule. Dai litasimama tu ikiwa wa picha watafanya vizuri zaidi kwa picha na wa maneno wakafanya vizuri zaidi kwa maneno. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia maandiko yaliyokuwepo kuhusu mitindo ya kujifunza wakitafuta matokeo ya namna hiyo, wakaona kwamba tafiti zilizotumia utaratibu huo ni chache sana, na kadhaa miongoni mwazo zilipingana na dai lenyewe.

Ama lile dodoso, linapima upendeleo wa mtoto. "Ninapenda kuimba" haisemi chochote kuhusu anavyoimba, na mtoto wa miaka kumi na moja huweka alama ya vema pia kwa sababu rafiki yake wa pembeni ameiweka. Ningekushauri usijumlishe alama hizo kabisa, na usiziweke katika kumbukumbu yoyote itakayosomwa na mwalimu wa mwaka unaofuata. Jina lililokwisha kuandikwa huishi kuliko sababu ya kuandikwa kwake, na mtoto aliyeambiwa kwamba yeye ni wa michezo hana haja tena ya kuhangaika na sehemu na desimali.

---

Mwalimu wa Jirani amejibu:

Mimi si mtafiti, nimekaa tu miaka mingi mbele ya ubao, na swali la pili la mwenzangu ndilo ninaloweza kulijibu. Shughuli nane katika dakika 40 haziwezekani, na hata zingewezekana zisingefaa, kwa sababu mwanafunzi angemaliza kipindi akikumbuka shughuli na kuisahau mada.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba njia huchaguliwa na mada. Kila mada ina kiini chake kigumu, mahali ambapo wanafunzi wengi hujikwaa, na mwalimu akipafahamu mahali hapo atajua kama panahitaji picha, vitendo, hadithi au maelezo ya kawaida. Chukua saketi, kwa kuwa umeitaja. Kosa la wanafunzi karibu wote ni kudhani kwamba mkondo wa umeme unatumika na kwisha ndani ya balbu, kwamba unaoingia ni mwingi na unaotoka ni mdogo. Sasa yapo maigizo yanayopendekezwa katika miongozo, ambapo wanafunzi hubeba vijiwe kutoka kwa mwenzao aliye betri na kuvikabidhi kwa aliye balbu, kisha hurudi mikono mitupu. Shughuli hiyo ina mwendo, ina mwili, ina ushirikiano, na inawafundisha lile kosa lenyewe, kwa kuwa mtoto ameona kwa macho yake mkondo ukiishia kwenye balbu.

Tofauti na hiyo ni shughuli ya kamba. Chukua kamba ndefu iliyounganishwa ncha zake, wanafunzi wasimame duara, kila mmoja aishike kwa vidole vilivyolegea ili iweze kuteleza. Mmoja awe betri, aivute kwa mkono mmoja na kuiachia kwa mwingine bila kukoma. Kamba nzima huanza kwenda kwa wakati mmoja, na hapo wanafunzi hupata jibu la kwa nini balbu huwaka papo hapo swichi inapowashwa hata kama iko mbali na betri. Kisha mwambie mwanafunzi mmoja aminye kamba kidogo: atahisi joto viganjani, na huyo ndiye balbu, kamba inayotoka kwake ni ileile iliyoingia, haikupungua hata kidogo, lakini aliye betri atasema sasa anatumia nguvu zaidi kuivuta. Wakiminya wawili, mwendo wa kamba yote hupungua, na hapo unaweza kuanza kuzungumzia balbu zilizounganishwa kwa mfuatano. Hiyo nayo ni shughuli ya mwili, ila imechaguliwa kwa sababu umbo lake linafanana na umbo la jambo linalofundishwa, na inamfaa yule anayependa michezo na yule anayependa vitabu kwa kiwango kilekile. Bila shaka kamba nayo ina mipaka yake, na ni vizuri kuwauliza wanafunzi wa darasa la juu waitaje.

Hata nyimbo nazitumia, kwa uangalifu. Wimbo wa mzunguko wa maji utamsaidia mtoto kukumbuka mpangilio wa majina ya hatua zake. Hautamweleza kwa nini mvuke ukipanda hupoa na kuwa matone, na kwa hilo afadhali chupa ya maji baridi iliyowekwa mezani, watoto wakaulizwa maji yaliyo nje ya chupa yametoka wapi.

Katika mada ya wiki mbili huwa natumia njia tatu au nne kwa darasa zima, zikifuatana, si kwa wakati mmoja, na mwishoni kila mwanafunzi lazima apite kwenye maneno na maandishi. Ukiwa na darasa kubwa sana, njia mbili zilizofikiriwa vizuri zinatosha.

---

Nota Saba amejibu:

Naomba niseme neno kwa niaba yetu tunaofundisha muziki na sanaa, kwa sababu naona mjadala unaelekea kulifanya somo langu kuwa kitoweo cha masomo ya wengine.

Nguvu ya kitabu cha mwaka 1983, kwa maoni yangu, haikuwa katika mbinu za kufundishia hisabati. Ilikuwa katika kudai kwamba kuusikia mpangilio wa sauti, kuutawala mwili katika ngoma au mchezo, na kuielewa hali ya mtu mwingine ni kazi za akili zinazostahili heshima na muda katika ratiba. Shule ya umma iliyofunguliwa mwaka 1987 huko Indianapolis, nchini Marekani, kwa kuifuata nadharia hii ilijaribu hilo: muziki na sanaa havikuwa vya ziada, na wanafunzi walitayarisha miradi ambayo uwasilishaji wake ulirekodiwa kwa video ili maendeleo yao yaonekane mwaka hadi mwaka. Mizani anaweza kuwa na haki kuhusu takwimu, na bado swali la nini kinapaswa kufundishwa likabaki pale pale, kwa kuwa takwimu za majaribio hazilijibu.

Kuhusu kuuingiza muziki katika hisabati, niwape mfano wa mpaka wake. Walimu hupenda kufundisha sehemu kwa kutumia noti: noti nzima, nusu, robo, moja ya nane. Ni kweli inafaa kwa kuonesha kwamba robo mbili ni sawa na nusu, kwa sababu mwanafunzi anasikia muda uleule ukijazwa kwa namna mbili. Lakini noti hizo zinakupa asili, yaani namba za chini za sehemu, za 2, 4, 8 na 16 tu. Ukifika kwenye theluthi unahitaji tripleti, yaani noti tatu zinazochukua muda wa noti mbili, ambayo wanafunzi wa muziki wenyewe huihangaikia, na ukifika kwenye moja ya tano ni heri urudi kwenye mstari wa namba. Mwalimu asiyeujua muziki vizuri hafiki hapo akajua kwamba amefika.

---

ChakiNaUbao ameandika:

Nawashukuru sana nyote. Suala la kamba nitalijaribu katika mada ya umeme, na shughuli ya vijiwe nitaiondoa katika andalio langu, maana ilikuwemo.

Bado ninabaki na yule mwanafunzi wangu, na pia suala la alama. Wakaguzi wa ndani wanataka kuona ushahidi kwamba namzingatia kila mtoto. Mzazi wake naye ameshaambiwa kwamba mwanawe ni wa vitendo, akaniomba nimruhusu ajibu kila kitu kwa michoro. Je, nikubali?

---

Elimu Jumuishi amejibu:

Mwalimu, kwa ombi la mzazi jibu langu ni hapana kwa "kila kitu", na ndiyo kwa baadhi.

Kwanza mtazame mtoto mwenyewe bila jina lolote. Mwanafunzi anayeelewa saketi kiasi cha kuona hitilafu, lakini asiyeweza kuandika aya, anaonesha dalili zinazohitaji kuchunguzwa. Huenda ana disleksia au ugumu mwingine wa kusoma na kuandika, huenda macho hayaoni vizuri ubaoni, huenda alikosa msingi wa kuandika katika madarasa ya mwanzo kwa sababu ya ugonjwa au kuhamahama. Kila mojawapo ya hayo ina msaada wake. Hatari kubwa ninayoiona katika kumwita "wa akili ya maumbo" ni kwamba jina hilo linasikika kama sifa, kwa hiyo watu wazima wote wanaomzunguka wataridhika, na hakuna atakayeuliza kwa nini mtoto mwerevu namna hii haandiki. Mpeleke apimwe macho na masikio, msikilize akisoma kwa sauti, na mwone mtaalamu wa elimu maalumu ikiwa anapatikana.

Wakati huohuo, uwezo wake wa kuchora uutumie kama daraja la kumfikisha kwenye maandishi. Achore saketi, kisha aweke majina ya sehemu zake. Akuelezee kwa mdomo kinachotokea swichi inapowashwa, nawe umwandikie maneno muhimu aliyoyatamka mwenyewe. Kisha aandike sentensi mbili akitumia maneno hayo. Baada ya muda punguza msaada kidogo kidogo. Utaratibu huu, kwa bahati nzuri, unawafaa pia wale wanaoandika kwa ufasaha bila kuelewa, ambao kila darasa linao, na ambao mchoro utawaumbua.

Kuhusu alama, amua kwanza unapima nini, kabla ya kuamua mwanafunzi atajibu kwa njia gani. Ikiwa lengo mahususi ni mwanafunzi aeleze masharti ya mkondo kupita katika saketi, basi mchoro wenye maelezo mafupi, maelezo ya mdomo au uungaji wa vifaa halisi vyote vinaweza kupokelewa, mradi mwongozo wa usahihishaji uwe mmoja: je, njia ya umeme imefungika, je, ncha zote mbili za balbu zimeunganishwa, je, anaweza kusema kitakachotokea waya mmoja ukitolewa. Anayechora vizuri kwa rangi haongezewi alama ya urembo. Lakini ikiwa lengo ni kuandika ripoti ya jaribio, basi kuandika ndicho kinachopimwa, na mchoro hauwezi kuchukua nafasi yake. Mtihani wa mwisho nao uko katika maandishi, na kumwacha mtoto bila mazoezi ya kutosha ya kuandika, kwa jina la kuheshimu akili yake, ni kumnyima haki.

Jambo moja zaidi ambalo wakaguzi wangependa kulisikia, kwa kuwa lina ushahidi imara kuliko dodoso. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionesha kwamba wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama walikikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliokisoma tena, ingawa baada ya dakika tano waliosoma tena ndio walioonekana bora. Kwa hiyo dakika chache za mwanzo wa kipindi, waambie wanafunzi wafunge madaftari na waandike au wachore wanachokikumbuka cha juzi. Utapata humo taarifa za kila mtoto, za kweli na za leo, kuhusu alichokielewa na alichokikosa, na hizo ndizo zitakazokusaidia kupanga somo linalofuata.

---

Mizani ameandika:

Naunga mkono. Niongeze tu kuhusu meza: ziwe za mchanganyiko, na zibadilike mara kwa mara kulingana na kazi iliyopo. Mtoto anayeona hitilafu haraka akikaa na anayeandika vizuri, wakapewa ripoti moja ya pamoja, kila mmoja atalazimika kumweleza mwenzake anachokijua, na siku inayofuata mgawanyo wa kazi ubadilishwe ili anayechora ndiye aandike. Yale madodoso yaliyokwisha kujazwa yanaweza kukusaidia kuanzisha mazungumzo na watoto kuhusu wanayoyapenda, kisha uwarudishie wayachukue nyumbani.